Siasa si sumu kwa mwanafunzi

Tarehe 10 Aprili 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walipanda jukwaani mjini Nakuru katika tamasha ya kitaifa ya drama, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakashuka na kwenda zao bila kuigiza. Mchezo wao, Echoes of War, ulikuwa umezuiwa kuendelea na mashindano hadi Mahakama Kuu ilipoamuru waruhusiwe. Mtunzi wake, aliyekuwa Seneta wa Kakamega Bw Cleophas Malala, alikuwa ametiwa mbaroni, na nje polisi walifyatua vitoza machozi kuwatawanya watu.

Mengi yalisemwa baada ya siku hiyo. Wapo waliodai kwamba watoto wale walitumiwa na wanasiasa, na wapo waliowasifu kuwa mashujaa. Sina nia ya kuamua kesi hiyo hapa. Linalonishughulisha mimi kama mwalimu wa lugha ni swali moja: je, mwanafunzi wa miaka kumi na sita ana haki ya kuwa na neno kuhusu mambo ya nchi yake? Na iwapo anayo, ni nani atakayemfunza namna ya kulisema?

Jibu la wengi wetu walimu, tukisema kweli, huwa la haraka: "Hiyo ni siasa, rudi kwenye somo." Miaka michache iliyopita nilialikwa katika shule moja kuzungumza na wanafunzi wa Kidato cha Nne kuhusu Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea ambayo wakati huo ilikuwa ikitahiniwa katika KCSE. Kitabu walikijua barabara. Walinitajia sifa za Majoka, mtawala wa Sagamoyo, mithili ya mtu anayesoma orodha ya bidhaa dukani: dhalimu, katili, mbinafsi, fisadi. Walieleza jinsi alivyolifunga soko la Chapakazi na jinsi Tunu na Sudi walivyokataa kunyamaza.

Ndipo msichana mmoja wa safu ya nyuma akainuka. "Daktari," akasema, "soko la hapa kwetu nalo lilibomolewa usiku, na mama yangu alikuwa na kibanda pale. Je, sisi tungemwandikia nani barua?" Kabla sijafungua kinywa, mwalimu aliyekuwa akisimamia kikao akamkatiza: "Hayo hayamo kwenye mtihani. Keti." Msichana akaketi. Nami, kwa kumstahi mwenyeji wangu, nikaendelea na tamathali za usemi. Kimya changu cha siku hiyo kinanikera hadi leo.

Tazama kinaya kilichopo. Kwa miongo kadhaa vitabu teule vya Kiswahili katika shule zetu vimekuwa vitabu vya siasa. Kabla ya Kigogo walisoma Mstahiki Meya yake Timothy Arege, na kabla yake Kifo Kisimani yake Kithaka wa Mberia, ambamo watu wa Butangi wanapigania maji ya kisima yaliyotwaliwa na mtawala. Tunawatuza alama wanafunzi kwa kuulaani udhalimu wa Butangi na Sagamoyo, lakini wakiuliza kuhusu soko la mtaa wao tunawanyamazisha. Tunachowafunza hatimaye ni kwamba dhuluma ni maudhui ya kukaririwa, wala si jambo linaloweza kumpata mama wa mtu.

Wala tusidhani kuwa kwa kuwanyamazisha tunaizima hamu yao. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu huo sasa umo kiganjani mwa kijana, ndani ya simu. Juni 2024 tulijionea wenyewe. Mswada wa Fedha wa mwaka huo, uliopendekeza miongoni mwa mengine ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Vijana, wengi wao wakiwa ndio kwanza wametoka sekondari, waliuchambua kifungu baada ya kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama zao, na kuusambaza katika mitandao ya kijamii. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha mswada huo kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Kazi ile ya tafsiri inastahili kuangaliwa kwa makini. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Mwananchi atashirikishwaje katika jambo lililoandikwa kwa lugha asiyoielewa? Kazi ambayo ingestahili kufanywa na dola ilifanywa na vijana, bila malipo, usiku kucha.

Hata hivyo, tusiwapake vijana mafuta kwa mgongo wa chupa. Miongoni mwa yaliyosambazwa yalikuwamo pia matusi, picha za kughushi na uvumi uliopewa sura ya habari. Isitoshe, kelele za mitandaoni hazijawa kura. Katika Uchaguzi Mkuu wa 2022, vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa takriban asilimia 40 ya wapigakura wote waliosajiliwa, na idadi yao ilikuwa imepungua ikilinganishwa na ya 2017. Hamu wanayo. Walichokosa ni malezi ya hamu hiyo, na malezi ndiyo kazi ya shule.

Nitatoa mfano kutoka kwa mwalimu wangu mwenyewe. Mwaka wa 1997, mwaka wa uchaguzi, nilikuwa shule ya upili. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuja darasani na gazeti kuukuu, akaandika ubaoni sentensi tatu: "Fedha za umma zimepotea." "Fedha za umma zimeibwa." "Fulani ameiba fedha za umma." Akatuuliza tofauti ya vitenzi. Mmoja wetu akasema kwamba katika sentensi ya kwanza hakuna mtenda kabisa, fedha zimejiendea tu. Katika ya pili mtenda yupo lakini amefichwa nyuma ya kauli ya kutendwa. Katika ya tatu ametajwa. Mwalimu akaongeza neno ambalo sijalisahau: "Sentensi ya tatu haiandikwi ila kwa ushahidi. Usiridhike na ya kwanza, wala usiikimbilie ya tatu."

Hakutaja chama. Hakumtaja mgombea. Alifunza kauli za vitenzi kama mtaala ulivyomtaka, nasi tukatoka pale tukiwa hatuwezi tena kusoma gazeti kwa macho yale ya awali. Hata leo nikisoma kwamba waandamanaji "walipoteza maisha", huuliza: waliyapotezaje? Kana kwamba maisha ni sarafu iliyowadondoka mfukoni. Katika maandamano ya Juni 2024 watu waliuawa, na aliyeuawa ana aliyemuua.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mzazi atasema amempeleka mtoto kusoma, si kupiga siasa. Mwalimu atasema ana mtaala wa kukamilisha na kazi ya kulinda. Hofu hizo si za kupuuzwa. Mwalimu hana ruhusa ya kuligeuza darasa kuwa jukwaa la chama, na anayefanya hivyo amewadhulumu watoto wa watu. Lakini kuna siasa za vyama na kuna siasa kwa maana ya uendeshaji wa mambo ya umma. Kamusi za zamani zinalipa neno hili maana nyingine pia, ya upole na uangalifu: kutenda jambo kwa siasa kulikuwa kulitenda taratibu na kwa busara. Maana hiyo imetutoka midomoni, na pengine darasani ndipo mahali pa kuirejesha. Mtaala wa umilisi wenyewe umeutaja uraia kuwa mojawapo ya umilisi wa msingi. Uraia haufunzwi kwa kimya.

Walimu wenzangu, hatuhitaji somo jipya. Dakika kumi na tano kwa juma zatosha. Someni habari moja kutoka magazeti mawili, wanafunzi waeleze imesimuliwa vipi huku na vipi kule. Waulizwe: ni nani aliyesema haya? Amejuaje? Ni nani hakuulizwa? Chama cha mjadala kijadili mswada halisi badala ya ile mada isiyokufa ya maisha ya mjini na ya mashambani. Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba kila aliyezaliwa kabla ya tarehe 10 Agosti 2009 atakuwa ametimiza miaka 18 siku iliyopangiwa Uchaguzi Mkuu wa 2027. Baadhi yenu mtaamua mambo ya nchi mkiwa bado na sare za shule.

Nimebakiwa na deni. Kwa msichana yule wa safu ya nyuma, ambaye sasa ni mtu mzima, jibu nililopaswa kumpa ni hili. Masoko, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ni jukumu la serikali ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi katika bunge la kaunti. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, ikiwemo habari ya nani aliyeamuru soko libomolewe. Barua hiyo ungemwandikia karani wa bunge la kaunti, nasi tungeiandika pamoja siku ile kama zoezi la barua rasmi, jambo ambalo, kwa bahati njema, limo kwenye mtihani.