Gego la Plastiki, Gego la Namtumbo

Mkono wa kushoto umeshika kioo kidogo cha duara, wa kulia umeshika mashine ya kutobolea, na jino linaonekana kinyumenyume. Ukisogea mbele, kiooni unarudi nyuma. Mwanafunzi wa udaktari wa meno hutokwa jasho hapa, ilhali mgonjwa wake ni kichwa tu: fuvu la plastiki juu ya nguzo ya chuma, mashavu ya mpira, na meno 32 yaliyokazwa kwa skrubu.

Kichwa hicho si cha jana. Kinatajwa kuwa kazi ya Oswald Fergus wa Glasgow, mwaka 1894. Umuhimu wake ni huu: jino lililoshikwa mkononi halina ulimi wa kulisukuma wala shavu la kuziba mwanga, unaligeuza upendavyo. Ndani ya kichwa, wewe ndiye unayegeuka. Mgongo unajifunza kukaa, shingo inajifunza kutojikunja, na kidole cha pete kinatafuta jino la jirani la kuegemea ili mkono usiteleze.

Nafasi ya kukosea ni finyu. Gamba gumu la nje la gego, hata pale lilipo nene zaidi, ni milimita mbili na nusu hivi. Chini yake kuna dentini, kisha kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ncha ya mashine inazunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na msuguano huzaa joto. Mwaka 1965 watafiti Zach na Cohen walipasha moto meno ya nyani: joto la kiini lilipopanda nyuzi 5.5 tu za Selsiasi, karibu kiini kimoja katika kila saba kilikufa. Ndiyo maana mashine hurusha maji muda wote. Mwanafunzi akisahau maji kwenye plastiki, harufu ya kuungua itamsuta, atafungua skrubu na kuweka jino jingine.

Ila plastiki ni mwongo. Ugumu wake ni uleule kutoka juu hadi chini, na jino lililooza haliko hivyo. Dentini iliyooza ni laini, yenye unyevu, inabanduka kama ngozi mbichi. Ukifika penye uzima chombo kinaanza kukwaruza. Anayejua pa kukomea ni mkono kuliko jicho. Vifaa vya kompyuta kama Simodont, vilivyoendelezwa Uholanzi, hujaribu kuiga mguso huo kwa kuusukuma mkono wa mwanafunzi kadiri anavyochimba. Ni vizuri, na ni ghali. Kwangu mimi, jino la mtu lililong'olewa, likachemshwa kwa mvuke na kusimikwa kwenye plasta, bado ni mwalimu mkali zaidi.

Sasa mpeleke mwanafunzi huyo Namtumbo, wilaya iliyomegwa kutoka Songea mwaka 2002. Mkulima wa tumbaku ametoka kijijini na gego lililotoboka, lakini kiini hakijafikiwa. Songea mjini ni kama kilomita 70 kutoka makao makuu ya wilaya, mbali na nauli. Umeme ukikatika, mikono iliyozoea mashine peke yake inabaki na koleo, na jino la kuzibwa linang'olewa.

Jibu moja la tatizo hilo lilizaliwa hapahapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi, na wenzake walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine inayotaka umeme na maji ya bomba. Njia hiyo, inayojulikana kwa kifupi ART, ilijaribiwa Thailand mwaka 1991, na kufikia 1994 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiinadi kwa ulimwengu.

Mdomo wa tundu unapanuliwa kwa kipatasi. Uozo unachotwa kwa kijiko chenye kichwa kidogo kuliko punje ya mtama, kuanzia kingo kuelekea chini. Tundu linasafishwa kwa asidi nyepesi, linaoshwa, linakaushwa kwa pamba. Kisha inakorogwa saruji ya glasi aionoma, ambayo hushikamana na jino na kuachia floraidi taratibu. Kidole chenye mafuta ya mgando kinaikandamiza saruji mpaka iingie kila ufa.

Haya yote yanafundishika kwenye jino lililosimikwa kwenye plasta, taa ya kichwani ikiwa ndiyo mwanga pekee. Kigumu ni kukoroga: saruji ikishapoteza mng'ao umechelewa, haishiki tena, unaanza upya. Afadhali aanze upya mara kumi mbele ya kichwa kisicholalamika, na akimaliza akiambie kwa sauti maneno atakayomwambia yule mkulima: "Baba, usitafune kitu kwa saa moja."