Mkono mmoja haulei mwana: Kwa nini mwalimu mmoja hatoshi chekechea

MTOTO wa chekechea anapofikwa na mkasa shuleni, iwe ni kuunguzwa na uji, kuanguka kutoka kwenye bembea au kutoka langoni bila ya mtu kumwona, watu wazima hukimbilia msemo mmoja: Ajali haina kinga. Msemo huo huwafariji wanaoutamka, ila aghalabu hausemi kweli. Ajali nyingi za watoto wadogo zina kinga, na kinga yenyewe ni mtu mzima aliye karibu, anayetazama na anayejua kwamba zamu ya kutazama ni yake.

Sharti hilo la mwisho ndilo husahaulika. Shule inaweza kuwa na walimu watatu, mpishi na bawabu, na bado watoto wakawa hawana mwangalizi kwa dakika tano, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayewatazama. Hatari ya chekechea haiko sana ndani ya kipindi, watoto wakiwa wameketi mkekani wakiimba. Iko katika nyakati za mpito: wakati wa kuwasili, wa kunywa uji, wa kwenda msalani, wa kucheza nje na wa kurejea nyumbani.

Huenda wazazi wengi wa leo wasijue kwamba nchini Kenya kazi ya kuwatunza watoto ilitangulia kazi ya kuwafunza herufi. Katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, vilianzishwa vituo vya kuwatunza watoto ambao mama zao walikuwa wakifanyishwa kazi za lazima. Baada ya uhuru mwaka wa 1963, wanavijiji walijenga shule za chekechea kwa moyo wa Harambee, nyingi zikiwa chini ya miti au katika kumbi za makanisa. Ilipofika mwaka wa 1984, serikali iliunda kituo cha kitaifa cha kushughulikia elimu ya watoto wadogo, na mafunzo ya walimu wake yakapata mpangilio.

Tangu hapo elimu hiyo imepiga hatua kubwa. Hata hivyo, kadiri masomo yalivyopewa uzito, ndivyo ulinzi ulivyosukumwa pembeni. Mzazi anayemwandikisha mwanawe katika darasa la PP1 huuliza iwapo mtoto atajua kusoma ifikapo mwisho wa mwaka, na kama atapewa kazi ya kufanyia nyumbani. Ni nadra kusikia akiuliza nani huwa na watoto mwalimu anapokwenda msalani.

Swali hilo si la mzaha. Chukulia darasa lenye watoto 40 na mwalimu mmoja. Mtoto mmoja amejiendea haja ndogo na anahitaji kubadilishwa nguo. Mwingine anatokwa na damu puani. Mwalimu hana budi kuwashughulikia hao wawili, tena upesi. Katika muda huo watoto 38 wamebaki peke yao, ingawa daftari la mahudhurio linaonyesha kuwa darasa lina mwalimu. Mwalimu huyo si mzembe, wala hakukosa mafunzo. Amekosa mkono wa pili. Waswahili waliposema kuwa mkono mmoja haulei mwana walikuwa wakimzungumzia mtoto mmoja tu, seuze 40.

Ni vyema kufahamu kwa nini umri huu unahitaji uangalizi wa karibu kuliko umri mwingine wa shule. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano ana nguvu za kukimbia, kupanda na kufungua milango, lakini hana uwezo wa kupima matokeo. Akiliona gari barabarani, hawezi kukadiria kasi yake wala umbali lililoko. Akiambiwa asiguse sufuria, huweza kuyarudia maneno hayo kwa ufasaha, kisha akaigusa muda mfupi baadaye, kwa maana kujua kanuni na kujizuia ni mambo mawili tofauti ambayo hayakomai kwa wakati mmoja.

Mwili wake nao una udhaifu wake. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, hivyo uji ambao mpishi anauona wa vuguvugu unaweza kumuunguza. Njia yake ya hewa ni finyu. Njugu, peremende au kipande cha karoti mbichi kinaweza kuiziba. Mtoto aliyekwamwa vibaya hapigi kelele, kwani hana pumzi ya kupigia kelele. Hali ni iyo hiyo kwa maji. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kuwa watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa maji kuliko watu wa umri mwingine wowote. Si lazima pawe na mto au bwawa. Pipa la kutekea maji ya mvua, au karai lililoachwa uani, linatosha, na mara nyingi mtoto huzama kimya kimya.

Kwa sababu hiyo, uangalizi wa watoto wadogo una viungo vitatu: jicho, sikio na mkono. Mwangalizi sharti awaone watoto, awasikie, na awe mahali ambapo anaweza kuwafikia kabla ya jambo kuharibika. Mwalimu anayesahihisha madaftari dirishani huku watoto wakicheza uwanjani anawaona na kuwasikia, ila hawezi kumdaka anayeanguka kutoka kwenye bembea. Na mwalimu aliyeinamia simu yake, hata akiwa katikati ya uwanja, hana kiungo hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Choo ni mfano mwingine. Shule nyingi za mashambani na za mitaa ya mabanda hutumia vyoo vya shimo, na baadhi yavyo vilichimbwa kwa ajili ya wanafunzi wakubwa. Tundu linalomfaa mwanafunzi wa miaka 12 ni hatari kwa wa miaka minne. Kumtuma mtoto huyo msalani peke yake, au akisindikizwa na mwenzake wa umri wake, si kumsaidia. Lililo salama ni tundu dogo linalowafaa watoto, mlango usiojifunga kwa ndani, na mtu mzima anayesimama karibu huku akimstahi mtoto.

Saa ya kwenda nyumbani nayo ina hatari zake. Wakenya hawajasahau Februari 3, 2020, ambapo zaidi ya wanafunzi 10 wa shule moja ya msingi mjini Kakamega walipoteza maisha yao katika mkanyagano kwenye ngazi walipokuwa wakitoka madarasani jioni. Hao hawakuwa watoto wa chekechea, lakini msiba huo uliwakumbusha wengi kwamba dakika za mwisho za siku ya shule zahitaji uangalizi sawa na dakika za kwanza. Kwa watoto wadogo, jambo la msingi ni kukabidhiana: mtoto atoke mkononi mwa mwalimu na kuingia mkononi mwa mtu anayefahamika, ambaye jina lake limeandikwa shuleni. Kumkabidhi kwa ndugu yake wa miaka saba, au kwa mhudumu wa bodaboda ambaye shule haimjui, ni kuukata mnyororo huo.

Wanaosafiri kwa gari la shule wanahitaji msimamizi mbali na dereva, kwa kuwa dereva kazi yake ni barabara. Watoto wahesabiwe wanapopanda na wanaposhuka, kisha msimamizi atembee hadi kiti cha nyuma kabisa kuhakikisha hakuna aliyesinzia na kuachwa. Gari lililoegeshwa juani madirisha yakiwa yamefungwa laweza kuongeza joto kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi katika dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima.

Sheria haikunyamaza kuhusu jambo hili. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na kutelekezwa, na kuagiza kuwa maslahi yake yatangulizwe katika kila suala linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 imeifafanua haki hiyo kwa mapana. Nayo Orodha ya Nne ya Katiba imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kutunzia watoto.

Tangu mwaka wa 2013 kaunti zimejenga madarasa na kuajiri walimu, japo walimu wengi wamelalamikia mishahara duni na mikataba ya muda. Lakini darasa jipya lenye kuta za mawe halimwangalii mtoto. Bajeti inayotaja matofali na mabati bila kutaja wasaidizi wa walimu imelifikiria paa, ikamsahau aliye chini yake.

Mataifa mengine yameiandika hesabu hiyo waziwazi. Huko England, watoto wa miaka miwili hutakiwa kuwa na mtu mzima mmoja kwa kila watoto watano, na wa miaka mitatu na zaidi mmoja kwa kila wanane, au 13 iwapo anayewaongoza ni mwalimu aliyehitimu. Aidha, wakati wa kula, watoto hupaswa kuonekana na kusikika. Ni kweli kwamba kaunti nyingi haziwezi kuvifikia viwango hivyo kwa siku moja. Hata hivyo, yapo mengi yasiyohitaji fedha nyingi.

Shule inaweza kupanga madarasa yatoke mapumzikoni kwa zamu ili watoto wachache wawe uwanjani kwa wakati mmoja. Inaweza kugawa uwanja na kumtaja mwangalizi wa kila sehemu kwa jina, badala ya kusema walimu wote wako zamu. Inaweza kuhesabu watoto kila wanapohama kutoka mahali hadi mahali, na kumtaka mwalimu anayeondoka atamke kwa kinywa kwamba anamwachia mwenzake. Wazazi nao wanaweza kupanga zamu za kusaidia saa ya uji, mradi shule iwe imewachunguza na isiwaache na watoto faraghani.

Tahadhari hiyo ya mwisho ni muhimu, kwani mtu mzima mwenyewe aweza kuwa hatari. Kila anayefanya kazi karibu na watoto anastahili kuonyesha cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na mpangilio wa shule usimpe yeyote nafasi ya kujifungia na mtoto. Anayeshuku kuwa mtoto anadhulumiwa anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116.

Wapo watakaosema kuwa haya ni kuwadekeza watoto, na kwamba mtoto akililia wembe hupewa. Lakini uangalizi si kumfunga mtoto kwenye kiti. Mtoto anahitaji kukimbia, kupanda na kujikwaa. Goti lililochubuka hupona na humfunza. Kazi ya mwangalizi ni kutenganisha mchubuko unaofunza na jeraha lisilo na marejeo. Uwanja wenye mwangalizi makini humpa mtoto uhuru zaidi, kwa sababu hakuna haja ya kumkataza kila kitu.

Shule zinapofunguliwa Januari, basi, mzazi na afike mapema na aongeze maswali matatu juu ya yale ya karo na sare. Watu wazima wangapi huwa na watoto wakati wa mapumziko? Nani huwapeleka msalani? Na mtoto hukabidhiwa nani jioni? Mwalimu mkuu anayeyajibu bila kusita kwa kutaja majina ameshaifikiria kinga ya ajali kabla haijatokea.