Kireno kina irabu ngapi? Usijibu haraka

Hebu nikuulize: Kiswahili kina irabu ngapi? Tano, si ndiyo? Na herufi za kuziandika ni tano hizo hizo. Kwetu hesabu inalingana vizuri mno, hadi tunasahau kwamba tunahesabu vitu viwili tofauti, sauti na herufi.

Sasa twende Brazili, kwa mtoto wa darasa la kwanza anayesoma kwa Kireno. Vitabu vingi vya kiada humwambia kama tulivyoambiwa sisi: irabu ni a, e, i, o, u, basi. Lakini kwenye silabi yenye mkazo, mdomo wake unatamka saba. Hesabu hiyo ni ya mwanaisimu Joaquim Mattoso Câmara Jr., na bado inatumika. Mbili za ziada ni e na o za kufungua mdomo zaidi. Avô ni babu, avó ni bibi. Ukikosea upana wa mdomo umembadilisha mzee wa watu jinsia! Hapo angalau kuna alama juu ya o. Neno sede halina alama yoyote: likitamkwa kwa e ya kubana ni kiu, kwa e ya wazi ni makao makuu.

Halafu kuna irabu za puani. Katika sim, yaani "ndiyo", midomo haifumbwi mwishoni. Ile m inakuambia tu upitishe irabu puani. (Sisi tulipochukua lenço tukapata leso, pua ikaachwa njiani.)

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mtoto anaandika "bolu" badala ya bolo, keki, na kalamu nyekundu inapita. Anaambiwa asikilize vizuri. Anasikiliza, anasikia u tena, kwa sababu Brazili o ya mwisho isiyo na mkazo hutamkwa u! Sikio lake ni zima kabisa. Alichokosa ni kanuni ya tahajia, na kitabu kinachomwambia "andika unavyotamka" ndicho kilichomponza.

Ongeza lafudhi. Tangu 1985 serikali ina mpango uitwao PNLD, unaonunua vitabu kwa ajili ya shule za umma nchi nzima. Mtoto wa Rio de Janeiro anatamka mwisho wa leite, maziwa, karibu na "chi" yetu. Recife, watu wengi huiacha t ikiwa t. Kitabu kimoja kinaweza kuwafikia wote wawili, kwa hiyo zoezi la "taja sauti ya herufi t" lina majibu mawili sahihi. Ningekuwa mwandishi wa kitabu hicho ningeanza na swali, "Kwenu mnalitamkaje?", ndipo nifundishe kwamba wote tunaliandika namna moja.

Herufi x nimeiruka makusudi. Xícara, exame, táxi, próximo: maneno manne, matamshi manne. Hiyo inataka makala yake.