Mabibi Kumi na Tisa na Chama cha Wanakemia cha London

Katika vyama vya taifa vilivyoundwa na wenye elimu ya kemia, kile cha Waingereza kilitangulia vile vya Wafaransa (1857), Wajerumani (1867) na Wamarekani (1876). Chanzo chake kilikuwa barua. Bwana Robert Warington, ambaye hapo awali alikuwa mkemia katika kiwanda cha bia jijini London, aliwaandikia wenzake akiwaalika wakutane ili waone kama chama chaweza kuundwa. Siku ya tarehe 23 Februari 1841 wakafika watu ishirini na watano. Waliojiandikisha kuwa wanachama wa kwanza walikuwa 77. Bwana Thomas Graham, Mskoti aliyechunguza jinsi gesi zinavyopenya na kuchanganyika, akachaguliwa kuwa Rais, na Bwana Warington akashika kazi ya katibu kwa miaka kumi. Mwaka 1848 chama kikapewa Hati ya Kifalme katika enzi ya Malkia Victoria.

Msomaji huenda akauliza mtu alipata faida gani kwa kuwa mwanachama. Alipata mambo matatu, nayo si madogo. Kwanza ni mikutano, ambamo uvumbuzi mpya ulisomwa mbele ya mabingwa na kujadiliwa. La pili ni jarida la chama, ambalo kwalo jina la mvumbuzi lilijulikana hata ng'ambo. La tatu ni maktaba, yenye majarida ya Ujerumani na Ufaransa ambayo mtu wa mshahara mdogo asingeweza kuyanunua mwenyewe. Mwanachama pia alikuwa na kura. Asiye mwanachama aliingia mkutanoni kama mgeni wa mtu mwingine, akaketi, akasikiliza.

Na wanawake wote walikuwa wageni wa namna hiyo.

Hati ya mwaka 1848 haikusema kwamba mwanachama ni lazima awe mwanamume. Yamkini walioiandika hawakufikiri kabisa kwamba siku moja mwanamke ataomba kuingia. Lakini vyuo vya Girton na Newnham vilifunguliwa mnamo mwaka 1869 na 1871, na mwaka 1878 Chuo Kikuu cha London kikakubali kuwapa wanawake shahada. Basi haukupita muda mrefu swali likaletwa mezani. Mwaka 1880 Halmashauri ya chama iliwauliza mawakili, nao wakajibu kwamba kwa maneno ya hati ile wanawake waweza kuandikishwa. Halmashauri ikapokea jibu hilo, na mambo yakabaki kama yalivyokuwa. Yeyote aliyepata kuandika kumbukumbu za mikutano anaifahamu njia hii: neno lisilopendwa halikataliwi, bali huwekwa katika jalada.

Wakati huo wanawake hawakungoja ruhusa ili wafanye kazi. Majina yao yaliendelea kuonekana katika jarida la chama kile kile kisichowataka. Mwaka 1904 chama kilimchagua Bibi Marie Curie wa Paris, aliyeshiriki katika Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia, kuwa mwanachama wa heshima wa nchi za nje. Basi mwanamke wa Ufaransa ameingia; yule wa Manchester au Cambridge je?

Mwaka huo huo mabibi kumi na tisa walitia sahihi ombi kwa Halmashauri. Miongoni mwao walikuwa Ida Smedley, Ida Freund, mzaliwa wa Austria aliyefundisha kemia Newnham, Martha Whiteley, na Edith Humphrey, aliyepata shahada ya udaktari huko Zurich kwa Profesa Alfred Werner. Ombi lenyewe halikulia wala halikusihi. Lilitoa hesabu: katika miaka thelathini iliyopita, wanawake wapatao 150 wameandika, peke yao au pamoja na wengine, makala karibu 300 katika maandishi ya chama. Binafsi naona kwamba ni vigumu kupata hoja iliyo fupi na nzito kuliko hiyo.

Ombi halikufaulu. Mpinzani aliyejulikana zaidi alikuwa Profesa Henry Armstrong, mwalimu hodari aliyepata kuwa Rais wa chama. Yeye hakusema kwamba wanawake hawana akili ya kemia. Alisema kwamba wale wenye akili hiyo ndio hasa wapasao kuacha maabara, ili wawe mama wa wanakemia wa baadaye! Hata hivyo wengine wenye sifa kubwa, kama Sir William Ramsay na Sir William Tilden, walikuwa upande wa mabibi. Mwaka 1908 wanachama wote wakaulizwa kwa kura: waliokubali wanawake waingie walikuwa 1,094, na waliokataa 642.

Mtu angedhani shauri limekwisha. Lakini wapinzani hawakunyamaza, na mwisho ikatafutwa njia ya katikati: wanawake wapewe daraja la walipa ada, yaani wahudhurie mikutano ya kawaida, watumie maktaba na kupokea jarida, lakini wasipige kura wala kushika cheo. Walioipokea zawadi hiyo walikuwa wachache sana.

Vita vya 1914 vilipokuja, Bibi Smedley, ambaye sasa alikuwa ameolewa na kuitwa Bibi Smedley Maclean, alishughulika na njia ya kupata asetoni kutoka katika wanga kwa kuchachusha, kwa kuwa asetoni ilihitajiwa katika kutengeneza baruti. Bibi Whiteley alichunguza gesi za vita. Alipoletewa gesi ya haradali, alijipaka kidogo mkononi ili aone nguvu yake, akateseka kwa muda wa karibu miezi mitatu. Bibi Freund alikuwa amefariki mwaka 1914.

Mwaka 1919 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuondoa vizuizi vya jinsia katika kazi na vyama vya namna hii. Mwaka 1920, miaka arobaini baada ya mawakili wale kutoa jibu lao, Bibi Ida Smedley Maclean aliandikishwa, mwanamke wa kwanza kupokewa rasmi. Mwaka 1928 Bibi Whiteley akachaguliwa kuingia katika Halmashauri yenyewe, naye alikuwa wa kwanza. Chama kiliungana na vingine vitatu mwaka 1980 na kupata jina jipya la Chama cha Kifalme cha Kemia. Na Rais wa kwanza mwanamke wa chama hicho kipya, Profesa Lesley Yellowlees wa Edinburgh, alishika kiti mwaka 2012.