Fundi akisema ‘zima’, je, mwanagenzi amesikia nini?

Jumamosi moja nilibeba runinga yangu iliyokataa kuwaka nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Kibanda chake kilijaa redio, spika na bodi zilizovuliwa vifuniko. Kando yake aliketi kijana aliyekuwa likizoni kutoka chuo cha ufundi, akihangaika na runinga ya mteja mwingine.

“Umezima?” fundi akamuuliza bila kuinua macho.

“Nimezima,” kijana akajibu.

Punde si punde cheche ikaruka, bisibisi ikaanguka, na kijana akarushwa nyuma mkono wake ukitetemeka. Tunashukuru alipona. Fundi akafoka: “Si nilikuuliza kama umezima!” Kijana naye, sauti ikimtoka kwa shida: “Lakini boss, si nilizima? Nilizima na rimoti!”

Nilisahau runinga yangu kwa muda. Mimi ni mwalimu wa lugha, na nilichokiona pale si uzembe pekee. Wote wawili walisema kweli. Fundi alikusudia kukata umeme ukutani, kijana alikusudia kuzima picha. Neno lilikuwa moja, maana mbili, na nafasi iliyokuwa katikati nusura imeze mtu.

Runinga iliyozimwa kwa rimoti haijaachana na umeme. Inasubiri kuamriwa tena, na sehemu inayopokea umeme wa ukutani, ambao nchini Kenya ni volti 240, bado ina nguvu kamili. Msemaji wa kawaida hana haja na tofauti hiyo. Kwake taa, moto, jiko na simu vyote ‘huzimwa’. Ila mezani pa fundi, kitenzi hiki kimoja kinabeba mzigo wa vitenzi vitatu: kuzima, kukata na kuchomoa.

Isitoshe, neno hili lina pacha wake. Tuna kitenzi ‘zima’, chenye maana ya kuondoa mwanga au moto, na tuna kivumishi ‘-zima’, chenye maana ya kamili, salama, au mwenye uhai. Kwa hivyo fundi akisema “fyuzi ni nzima”, anasema inafanya kazi. Akisema “imezima”, anasema haifanyi. Sauti karibu ni zile zile, maana ni mashariki na magharibi. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hututenganishia pacha hawa. Mahali penye kelele za magari ya kwenda Isinya na Kajiado, muktadha nao huhitaji msaada.

Siku hiyo niliamua kukaa nikisikiliza. Wanaisimujamii huita lugha ya kikundi cha kazi ‘sajili’, nayo sajili ya mafundi wa elektroniki ina utajiri ambao sisi wa vyuo vikuu tumeupuuza. Jambo la kwanza nililolinasa ni sitiari ya mwili. Redio ‘inaumwa’, betri ‘haishiki moto’, simu ‘imekufa’, kisha fundi ‘anaifufua’ nayo ‘inaamka’. Kifaa ni mgonjwa, fundi ni daktari, na mita yake ndiyo kipimo cha homa.

Ajabu ni kwamba uhai huo haufiki kwenye sarufi. Fundi husema “kapasita imekufa”, hasemi “kapasita amekufa”. Anaipa kapasita pumzi na kifo, lakini haipandishi hadi ngeli ya A-WA. Hiyo ni ithibati kwamba ngeli za Kiswahili zina mizizi mirefu hata katika usemi uliochanganyika na Kiingereza na Sheng. Maneno mageni kama kapasita, saketi, fyuzi na shoti yameingia ngeli ya I-ZI bila mtu yeyote kuyafundisha njia.

Hata hivyo, sitiari hii nayo ina mtego. Tukisema runinga ‘imekufa’, tunadhani haina madhara tena. Sivyo. Ndani ya kifaa cha aina hii, umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa wa mkondo mnyoofu na kuhifadhiwa katika kapasita kubwa. Volti 240 tunazozitaja ni kadirio la wastani. Kilele cha wimbi lake ni takriban volti 340, na hicho ndicho kiasi ambacho kapasita hiyo huweza kubeba. Hata ukishachomoa waya, inaweza kukaa na nguvu hiyo kwa muda, hasa ikiwa kilichoharibika ni njia ambayo ingeinyonya. Yaani maiti ina moyo unaopiga. Fundi wangu alilieleza vizuri kuliko mimi: “Mwalimu, TV ikikufa ndio uiogope zaidi.”

Jambo la pili ni kauli za vitenzi. Mama mmoja alifika na redio yake, akiwa amesafiri kutoka upande wa Kajiado mjini. Alikuwa ameitengenezesha kwingine wiki iliyotangulia. Fundi akaifungua, akatazama, akatamka: “Mama, hii bodi imechomeka.” Yule mama akaja juu: “Imechomeka ama imechomwa?”

Swali hilo lingefaa kuwekwa katika mtihani wa sarufi. Kauli ya kutendwa, ‘imechomwa’, inadai kuwepo kwa mtendaji, hata asipotajwa. Kuna mtu aliyechoma, na mtu huyo anaweza kudaiwa fidia. Kauli ya kutendeka, ‘imechomeka’, humwondoa mtendaji kabisa. Jambo limetukia tu, kama mvua. Ndivyo ilivyo kwa ‘imeharibiwa’ na ‘imeharibika’. Mama yule hakuwa amesoma isimu, lakini alijua wazi kwamba kiambishi kimoja ndicho kingeamua nani angelipa.

Tena ‘chomeka’ ina tatizo jingine. Katika Kiswahili sanifu, kuchomeka ni kuingiza kitu mahali kikakaa, kama kuchomeka kisu alani, na kinyume chake ni kuchomoa. Mtanzania akisikia kwamba plagi imechomekwa, ataelewa imeingizwa ukutani. Mkenya wa Kitengela akisikia kwamba plagi imechomeka, ataanza kunusa moshi.

Jambo la tatu ni rangi. Ziko sehemu ndogo ambazo kazi yake ni kukinza mkondo wa umeme. Mafundi huziita rizista. Thamani yake mara nyingi huandikwa kwa mistari ya rangi badala ya tarakimu. Nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, rangi ya chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8 na nyeupe 9. Katika zile zenye mistari miwili ya tarakimu, mstari wa tatu huonyesha idadi ya sufuri za kuongeza. Manjano, zambarau na nyekundu ni omu 4,700. Mstari huo wa tatu ukiwa wa rangi ya chungwa, ni omu 47,000, yaani mara kumi zaidi.

Sasa zingatia Kiswahili chetu cha kila siku. ‘Nyekundu’ yetu ni pana mno. Udongo ulio karibu na kahawia tunauita mwekundu, na vitu vingi vya rangi ya chungwa tunavitia humo humo. Si kwamba macho yetu hayaoni tofauti. Ni kwamba mazungumzo hayajatudai tuitaje. Fundi anayemwagiza mwanagenzi “leta ile ya mstari mwekundu” anaweza kuletewa mojawapo ya tatu, na mbili kati yake si sahihi. Kiswahili kina majina ya rangi zote hizo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia.

Je, tufanye nini? Wapo watakaosema mafundi waachiwe Kiingereza chao. Lakini kijana yule alikuwa amesoma kwa Kiingereza chuoni, na aliponea chupuchupu kwa sababu ya amri ya Kiswahili. Lugha ya kitabu haikumfikia katika sekunde aliyoihitaji. Wapo pia watakaotaka tuunde istilahi mpya na kuzishusha kutoka juu. Tulipohamia matangazo ya dijitali mwaka wa 2015, neno ‘king’amuzi’, kutokana na kitenzi ng’amua, lilikuwa tayari na vyombo vya habari vikalikumbatia. Hata hivyo mtaani ‘dikoda’ bado inatamba. Istilahi nzuri haijitembezi yenyewe.

Mimi napendekeza njia ya katikati. Tuwaachie kapasita na fyuzi zao, kwa kuwa hizo hazimdhuru mtu. Tujishughulishe na vitenzi, maana amri hutolewa kwa vitenzi. Kila fundi na mwanagenzi wake wakubaliane juu ya maneno manne, kila moja na kazi yake: zima, yaani kwa swichi au rimoti; chomoa, yaani waya utoke ukutani kabisa; ngoja, ili nguvu iliyobaki ipungue; na pima, kwa mita, kabla ya kidole kugusa kitu. Kungoja peke yake si dhamana, ndiyo sababu kupima kunafuata. Walimu wa vyuo vya ufundi nao wayafundishe kwa Kiswahili, hata kama mtihani ni wa Kiingereza.

Nilipoirudia runinga yangu wiki iliyofuata, niliikuta ‘imeamka’. Kijana alikuwa mezani, bandeji kidoleni, redio nyingine mbele yake. Fundi akauliza, safari hii akiinua macho:

“Umechomoa?”

Kijana akainyanyua plagi juu ili wote tuione.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga.