Toyota 86 na Turbo: Injini ya Kampuni Inabeba Ngapi Kabla Iseme Imetosha?

Wacha tuanze na jibu, juu ndilo umekuja kutafuta. Kwa Toyota 86 ya kwanza, ile ilitoka 2012 na pacha wake Subaru BRZ, wasee wengi wa kutyuni hukomea kati ya hospawa 250 na 300 kwa magurudumu kama injini haijafunguliwa. Ukipita hapo, hiyo ni kamari na ndai yako ndio pesa ya mezani.

Mbona hapo? FA20 ni injini ya lita 2.0 iliyoundwa ivute hewa yenyewe. Inatoa hospawa 200, na mfinyo wake ni 12.5 kwa 1, mob sana kwa injini ya kuwekewa turbo. (Usidanganywe na FA20 ya Subaru WRX. Hiyo ilitoka kiwandani na turbo, na mfinyo wake ni 10.6.) Sasa ukisukuma hewa ingine ndani, joto linapanda, mafuta yanalipuka kabla ya wakati, na injini inaanza kugonga. Ikigonga ukiwa umekanyaga mpaka chini, hata hutaskia juu ya kelele ya exhosti.

Kenye hukufa kwanza ni konrodi, ile mikono ya chuma inashikanisha pistoni na krenki. Na hapa ndio mtaani watu hubishana bure: kinachopinda konrodi si hospawa, ni toki, yaani ule msokoto. Chukua 86 mbili, zote za hospawa 280. Moja iko na turbo ndogo inayoamka mapema na kumwaga toki yote kwa RPM 3,000. Ingine inapandisha polepole, nguvu inakuja juu kule 6,500. Hospawa ni sawa, lakini ya kwanza ndiyo inaumiza konrodi. Kwa hivyo msee akikushow tu namba ya hospawa, mwambie alete grafu ya toki.

Halafu kuna hii ya kwetu. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700, na presha ya hewa ni kama psi 12. Mombasa ni 14.7. Kama turbo yako inadhibitiwa na springi pekee na saa inasoma 8, injini hapa inapata jumla ya 20. Teremka nayo Pwani wikendi, saa bado inasoma 8, lakini sasa injini inapata 22.7. Hiyo ni karibu asilimia 13 zaidi na hujagusa kitu! Kama fundi alikutyunia Nairobi mpaka mwisho kabisa, nafasi uliyokuwa nayo imeisha ukiwa Mariakani. Na joto la huko linafanya injini igonge haraka zaidi.

So kabla ulipe, uliza fundi maswali mawili: kompyuta ya gari inajua kupunguza presha ikishuka Pwani? Na ametyuni na petroli gani, ile ya kawaida ya pampu ama ya octane ya juu? Akicheka, chukua funguo zako uende. Intakula na exhosti za kung'aa zinaweza kungoja. Pesa ya kwanza iende kwa tyuni na kipoza oili.