Sauti ya Bibi ni amana: niliyoyapata katika somo la filamu

Nilipoanza kusomea habari chuoni, mjomba wangu mmoja aliniuliza mbele ya watu, kikombe cha kahawa mkononi: "Yaani miaka minne unakwenda kujifunza kushika kamera? Si kila mtu siku hizi ana simu?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao, maana jawabu sikuwa nalo.

Leo ninalo. Na sikulipata darasani wala studio. Nililipata Bidiya, uani kwa Bibi yangu mzaa mama, msimu wa kupika tende.

Muhula wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa atengeneze filamu fupi ya maisha ya kweli, isiyozidi dakika 10, na afanye kila kitu mwenyewe: apige picha, anase sauti, ahariri, na atie tafsiri. Pamoja na filamu ilikuwa lazima ukabidhi daftari. Humo unaandika kila siku umefanya nini, umekosea wapi, na umejifunza nini. Wenzangu wengi daftari waliliandika lote usiku mmoja kabla ya kukabidhi. Langu niliandika kweli, kwa sababu makosa yalikuwa mengi mno, hayakuwa na haja ya kutungwa. Ninalo mpaka leo, na humo ndimo nilimoyatoa haya.

"Uso wangu niachie mwenyewe"

Anayeijua Sharqiyah anaijua tabsili. Mwisho wa Juni na Julai, tende aina ya mabsali zinakatwa zingali za manjano, hazijawa laini. Zinachemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, kisha zinaanikwa juani mpaka zikauke. Zamani zilikuwa zikisafirishwa kwa majahazi mpaka India. Bidiya ni moja ya wilaya zinazojulikana kwa kazi hii, na ni kazi ya ukoo mzima: vijana wanapanda mitende, wanawake wanachambua, watoto wanaokota zilizoanguka, na wazee wanaamuru.

Bibi alikuwa katika wanaoamuru. Amezaliwa Unguja, akaja Oman mwaka 1972 na watoto wawili, mmoja mgongoni. Tabsili aliikuta huku huku. Alikuwa hajawahi hata kuuona mtende unavyopandwa. Nilitaka filamu yangu iwe hiyo: mwanamke aliyekulia kwenye minazi akaja kuzeekea kwenye mitende.

Nikatoka Maskati na kamera ya kuazima, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Nimefika, nimemwamkia, nimekunywa kahawa, nikamweleza. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mikono yangu chukua. Uso wangu niachie mwenyewe."

Nikaona filamu ishakufa. Utamwoneshaje mtu bila uso? Siku mbili nilizunguka nimekasirika. Siku ya tatu, kwa kukosa la kufanya, nikaanza kuipiga picha mikono yake kweli: inavyopima tende kwa kuziminya tu, inavyofunga ushungi, inavyomimina kahawa bila ya kutazama kikombe. Nilipokuja kuzitazama usiku nikaona kuwa mikono ile inasema zaidi kuliko uso. Ulikuwa na kovu mkono wa kulia, la shaba ya moto, na nilikuwa nimeishi miaka 22 bila ya kuliona.

Daftari langu siku hiyo lina mstari mmoja: "Leo nimemtazama Bibi." Familia zetu nyingi zina mama na bibi wasiotaka kuonekana, na hiyo ni haki yao. Kumbe kizuizi kile ndicho kilichonifundisha kutazama.

Upepo wa kusi

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la sauti. Nilimkalisha nje, karibu na magharibi, mitende mbele yetu na nyuma ya mitende mchanga wa Ramlat Al Wahiba unageuka rangi. Akanihadithia dakika 40 habari za mwaka wao wa kwanza hapa: nyumba ya udongo, maji ya kuteka falaji, na majirani waliokuja kumtazama kama kitu cha ajabu kwa sababu akijibu kwa Kiarabu cha Unguja. Mimi macho yote kwenye picha. Hedifoni nilikuwa nazo ndani ya mkoba. Niliona uvivu kuzivaa.

Usiku nikafungua kusikiliza: vuuuu. Upepo mtupu. Neno moja hapa, neno moja kule, kisha upepo tena.

Upepo huo Waswahili tunaujua kwa jina. Ni kusi. Ndio uleule uliokuwa ukirejesha majahazi Arabuni kutoka Unguja, na ndio unaopanga matuta ya mchanga ya Al Wahiba. Babu zetu uliwarejesha majumbani, lakini maneno ya Bibi yangu uliyachukua.

Kesho yake nikamwambia, aibu imenijaa. Akacheka. "Basi leo ntakuhadithia mengine. Yale yameshakwenda na upepo." Na kweli hakuyarudia. Baadaye nilimuuliza tena mara mbili, akaniambia kwa ufupi tu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Hadithi ikihadithiwa mara ya kwanza ina moto wake, na ule moto mimi niliupoteza kwa uvivu wa kuvaa hedifoni.

Mwalimu wetu alikuwa akisema kuwa sauti ni zaidi ya nusu ya picha, tukidhani ni maneno ya kitabuni tu. Lakini fikirini Siti binti Saad. Alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, akafariki mwaka 1950. Wangapi katika sisi wataitambua sura yake? Sauti yake lakini mpaka leo inapigwa, na mzee akiisikia anakaa kitako. Tangu siku ile maiki yangu ina sponji la kuzuia upepo, hedifoni ziko masikioni, na kila nikimaliza mazungumzo nanasa nusu dakika ya ukimya wa pale pale, kwa sababu ukihariri unahitaji hata ukimya wa mahali.

Kunyamaza ni kazi

Nilikwenda na maswali 30 nimeyaandika kwenye karatasi. Nilipoyasikiliza mazungumzo ya mwanzo nilijichukia. Bibi anaanza kusema, mimi namkatiza: "Eee, na halafu?" Anavuta pumzi, mimi nishatia swali jengine. Namsaidia kumaliza sentensi ambazo si zangu.

Nikajilazimisha. Nauliza swali moja, kisha nahesabu moyoni mpaka kumi. Jaribuni, mtaona ni kazi nzito, khasa mbele ya mtu mnayempenda. Lakini ikifika saba au nane ndipo mtu anapoanza kusema lile alilokuwa akilizunguka. Ustadi huo nautumia kila siku, na sitengenezi filamu tena. Nautumia kazini, na nautumia na mwanangu akirudi skuli amenuna.

Kisha ikaja tafsiri. Bibi anasema Kiswahili, wasahihishaji wanasoma Kiarabu, kwa hiyo ilibidi nitie maandishi chini ya picha. Maandishi hayo yana mipaka: mistari miwili, na mtu awe na muda wa kuyasoma. Hapo nikaanza kuijua lugha yangu mwenyewe. "Tulipofika hakuna aliyetwambia pole." Hebu itieni "pole" kwa Kiarabu, kwa neno moja! Si rambirambi, si samahani, si salama. Nililala nayo siku tatu, mwisho nikaandika kuwa hakuna aliyehisi uchovu wetu. Si sawasawa, lakini karibu.

Filamu ilipokwisha niliionesha nyumbani. Binti wa mjomba, wa miaka 14, ambaye Kiswahili hakijui ila "njoo" na "kula", aliiangalia mara tatu. Akanigeukia akanambia kwa Kiarabu: "Sikujua kama Bibi anachekesha."

Neno lile lilinichoma. Miaka 14 anakula naye sahani moja, na Bibi anayemjua ni yule wa Kiarabu cha "kaa", "nyamaza", "umeswali?". Bibi mwenye kejeli, mwenye mafumbo, anayemwiga muuza samaki wa Darajani, alikuwa ndani ya Kiswahili, na mlango ule mtoto hakufunguliwa na mtu.

Kile kipande

Nimebakisha jambo ambalo daftarini niliandika kurasa sita, kisha kabla ya kukabidhi nikazichana.

Siku ya mwisho, kamera iko juu ya meza inaitazama mikono, nilimuuliza swali, nikahesabu. Bibi akasema maneno ya dakika nne juu ya usiku mmoja, kabla hawajaondoka Unguja. Hakulia. Mikono tu ndiyo iliyosimama. Alipomaliza akasema: "Hayo usiyatie."

Nilikuwa na karatasi ya ruhusa ya chuo, nimeshaitia saini kwa niaba yake, maana alisema: "Karatasi ya nini? Mimi nshakwambia ndiyo." Kwa karatasi ile, kila alichosema ni halali kukitumia. Mwalimu alipokiona kipande, alinyamaza kidogo kisha akasema kuwa moyo wa filamu uko hapo, na bila ya hicho nina filamu nzuri ya tende. Alisema kweli. Kwa kazi yetu alikuwa na haki.

Nilikitoa. Filamu ikawa dakika nane. Alama nilizopata zilikuwa za wastani, na mmoja wa wasahihishaji aliandika kuwa mtu anahisi kuna jambo limefichwa. Na yeye alisema kweli.

Lakini lililoninyima usingizi si alama. Bibi aliniuliza kwa simu: "Kile kipande umekiondoa?" Nikasema: "Nimekiondoa, Bibi." Na filamuni kweli hakimo. Ila picha asili ninazo zote kwenye laptopu. Nilisema maneno ya kweli ili aamini lisilo kweli, na hilo hakuna somo la chuo linalokufundisha kuliona. Wiki ya pili nilikwenda Bidiya, nikamweleza wazi: "Kwenye filamu hakimo, lakini asili yake ninayo. Ukitaka nikifute, nakifuta sasa hivi mbele yako."

Safari hii aliyehesabu mpaka kumi ni yeye. Kisha akasema: "Usiwaoneshe watu. Lakini usikitupe. Siku nikishatangulia, wasikilizishe wanangu, wao peke yao. Mimi mdomo wangu mbele yao haufunguki."

Ametangulia miaka mitatu sasa, Mungu amrehemu. Baada ya azza kwisha, watoto wake wakakaa ndani, nikawawekea, nikatoka nikafunga mlango. Nilisimama uani dakika nne, kisha dakika nyingi zaidi. Wa kwanza kutoka alikuwa mjomba yule wa suali la kamera. Hakusema kitu. Aliniomba hedifoni, akarudi ndani.

Kwa wenye wazee nyumbani

Sisemi kila mtu ampeleke mwanawe kusomea habari. Mjomba alisema kweli kuwa simu kila mtu anayo, basi itumieni. Zimeni kiyoyozi na feni, madirisha mfunge. Simu muiweke karibu na mzee, juu ya mto, si mkononi, na muifunge isiite. Anzeni kwa kutaja jina lake, mahali na tarehe. Mwacheni aseme lugha anayochekea. Ulizeni swali moja, mnyamaze. Nusu ya kwanza ya dakika sikilizeni hapo hapo kama sauti imeingia, msiwe kama mimi. Hifadhini nakala mahali pawili.

Na mkishamaliza, muulizeni tena: lipi la watu wote, lipi la jamaa, lipi la kukaa nalo mwenyewe. Karatasi ya ruhusa haitoshi. Mzee akikupa sauti yake amekuwekesha amana, na amana haifanywi mali kwa sababu ni nzuri.

Mkinauliza mimi nilijifunza nini kwa miaka minne, hilo ndilo jawabu. Kamera nilishairudisha siku ile ile.